Mshika vichwa naye alazwa kitandani

Saa mbili asubuhi, Shawqi Abdelmawgud anavua saa ya mkononi, anaitia mfukoni mwa koti lake la kijani, halafu anakishika kichwa cha Haji Mitwalli.

Mkono wa kushoto uko chini ya taya, kidole gumba nyuma ya sikio. Mkono wa kulia umetua kwenye paji la uso, mwepesi, kama wa mtu anayempima mtoto homa. Haji Mitwalli amelalia ubavu wa kushoto na kipande cha plastiki kimewekwa katikati ya meno yake ili asiung'ate mpira wa kamera. Ni mkulima wa vitunguu, ana shingo nene na sauti ya kuita nyati wake wa maziwa kutoka ng'ambo ya mfereji. Leo hana sauti. Macho yamemtoka.

"Tumetoka getini, Haji," Shawqi anaanza kwa sauti ya chini. "Tunashika kushoto. Huyu hapa mwuza maharagwe, mvuke umemjaa usoni. Hatusimami kwake, wewe hujala na mimi sina hamu. Tunavuka reli."

Daktari Nirmin anausukuma mpira taratibu kooni. Kwenye skrini inatokea njia ya chakula, nyekundu mpauko, na ukutani mwake kuna mishipa ya buluu iliyovimba na kujikunja. Anauvuta mshipa mmoja ndani ya kikombe kidogo kilichopo kwenye ncha ya mpira. Pete ndogo ya raba inafyatuka na kuubana shingoni. Mshipa umefungwa.

Shawqi hatazami skrini. Yeye yuko njiani. Wamepita kinu cha ngano, wamepita msikiti ambao mnara wake umekatika ncha, sasa wako mbele ya nyumba ya shemeji ambaye Haji Mitwalli hasemi naye tangu ugomvi wa zamu ya maji.

"Hapa tunapita mbio," anasema Shawqi, na mabega ya Haji yanatikisika kwa kicheko kisicho na pa kutokea.

Wanapofika kwenye mlango wa rangi ya samawati, wenye mkono wa shaba wa kugongea, Daktari Nirmin anautoa mpira. Haji anakohoa, anafuta machozi, na neno lake la kwanza ni kwamba mlango ulipakwa rangi upya, sasa ni wa kijani.

"Kwa nini hukusema mapema?" Shawqi anamlaumu.

Hiyo ndiyo kazi yake katika hospitali hii ya wilaya, upande wa magharibi wa Delta ya Nile. Kwenye karatasi ni mhudumu wa chumba cha kamera ya tumbo. Kwa watu wa vijijini ni Ami Shawqi mshika vichwa. Ana miaka hamsini na minane, mrefu, ameinama kidogo mabegani, na kabla ya kumshika mtu yeyote humwuliza jambo moja tu: nipe njia ya kwenu. Mgonjwa akishaanza kuzama katika hofu, yeye humrudisha nyumbani kwa miguu, hatua kwa hatua, mpaka pete ziishe.

Jumanne ijayo kitanda kile kitakuwa chake. Itakuwa mara ya pili kulala hapo. Mara ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa Ramadhani, na nusura afe kwa kukataa kulala. Mishipa yake iliyobaki bado imevimba, na mpaka itakapofungwa yote inaweza kupasuka siku yoyote, akiwa kazini au akiwa mezani na mkewe.

"Naogopa," anasema, akilikunja shuka la Haji Mitwalli. "Niseme siogopi ili iweje?"

Shawqi alizaliwa Kafr Shalabi, kijiji kilichobanwa kati ya reli na mfereji. Mfereji ulikuwa bafu, uwanja wa michezo na dobi. Yeye na kaka yake mkubwa, Fathi, waliogelea humo tangu wakiwa hawajatahiriwa, wakawaogesha nyati humo, wakasimama humo magotini wakati wa kupandikiza mpunga. Kichocho kilikuwa cha kila mtu. Mtoto ambaye hakuwa nacho alidhaniwa ni mtoto wa mjini aliyekuja kumtembelea bibi yake.

Fathi alitapika damu akiwa na miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amesimama uani akifunga mzigo wa majani ya mifugo. Alitapika ndani ya beseni la kufulia, kisha nje ya beseni, kisha akakaa chini kama mtu aliyechoka. Shawqi alimbeba mpaka barabarani, wakapata trekta. Wakati huo hospitali haikuwa na kamera wala pete. Fathi alifia kwenye kiti cha kusubiria, kichwa chake kikiwa mikononi mwa mdogo wake.

Tangu hapo Shawqi hakuweza kukaa mbali na jengo lile. Miezi michache baadaye aliomba kazi ya kufagia, akapewa. Mshahara wake hauvuki katikati ya mwezi, kwa hiyo alasiri hulima kishamba chake na mkewe hukamua nyati wawili. Kamera ilipoletwa, daktari wa wakati ule alitafuta mtu wa kuwashika wagonjwa wasijirushe. Mfagiaji akaegemeza ufagio ukutani.

"Nilijua kushika kichwa," anasema.

Wagonjwa wanaosubiri hukaa kwenye benchi la korido, na Shawqi huwachorea kwa kidole kwenye shuka lililokunjwa. Huanza na mguu. Damu ya mguu, anawaambia, ikimaliza kazi yake hupanda moja kwa moja mpaka moyoni. Damu ya tumbo haiendi hivyo.

"Ya utumbo, ya tumbo la chakula, ya wengu, ya kongosho, zote zinakutana kwenye mshipa mmoja, mnene kama kidole changu hiki," anasema. "Na huo mshipa hauendi moyoni. Unaingia kwenye ini kwanza. Ini ndilo forodha. Linapekua kila ulichokula, linachukua chake, ndipo linaiachia damu iende moyoni."

Ndani ya ini mshipa ule hugawanyika, kisha hugawanyika tena, mpaka vijito vya mwisho visivyoonekana kwa macho. Hapo hahitaji kueleza sana. Watu wanaomsikiliza wamegawa maji maisha yao yote, kutoka mfereji mkuu hadi kwenye mtaro wa nyuma ya nyumba. Anawaambia kwamba mnyoo wa kichocho, ukishaingia kupitia ngozi ya miguu iliyosimama majini, huenda kukaa katika mishipa midogo ya utumbo, dume na jike pamoja. Jike hutaga. Mayai mengine hutoka na choo, mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama kwenye vile vijito na kuacha makovu. Dawa huua mnyoo, lakini kovu hubaki.

"Sasa ziba mitaro ya mwisho, halafu lango kuu uliache wazi," anawaambia. "Maji yatafanya nini?"

Daima kuna mmoja anayejibu kwamba yatarudi nyuma na kubomoa kingo za jirani, na daima kuna mwingine anayetaja jina la jirani. Ndivyo damu inavyofanya. Inarudi nyuma, wengu linavimba, kisha damu inatafuta njia za pembeni za kufika moyoni bila kupita kwenye ini. Njia moja iko mwisho wa koo la chakula, pale linapoungana na tumbo. Mishipa ya pale ni myembamba, haikuumbwa kwa mzigo huo. Siku moja inapasuka.

Daktari Nirmin anasema maelezo hayo yanamwokolea muda mwingi, ingawa ilibidi ayanyooshe. Kwa miaka Shawqi aliwaambia watu kwamba damu yote iliyomo tumboni hupita kwenye ini. Siku moja daktari alipita koridoni, akasikia, akasimama. Figo hazimo, alimwambia mbele ya benchi zima. Figo zina njia yao, moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa unaopanda mbele ya uti wa mgongo.

"Nikasema sawa, figo zina ndugu serikalini," anakumbuka Shawqi. Tangu siku hiyo ndivyo anavyofundisha.

Ukitaka kumjua mtu wa wilaya hii, njoo kwenye korido hiyo mwezi wa Ramadhani. Ndio msimu wa kazi. Kamera inataka tumbo tupu, na Ramadhani matumbo ni matupu tayari. Watu wanaona ni ujinga kushinda njaa mara mbili. Wanaahirisha kamera tangu Muharram ili wajibane ndani ya mwezi mmoja, njaa moja ifanye kazi mbili.

Kila mwaka Sista Awatif, muuguzi wa chumba hicho, husimama mlangoni na kuwaambia kwamba dawa ya kupuliza kooni na maji ya kusukutua yanavunja swaumu. Huwakumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na kwamba aliyefungwa pete lazima anywe maziwa baridi siku hiyo hiyo. Wote humwitikia kwa adabu, halafu huenda nyumbani kungoja adhana ya magharibi. Mwaka mmoja Bi Nabawiyya wa kijiji cha jirani alitoka na pete nne kooni, akangoja adhana, akafuturu kwa mkate mkavu na achari ya figili. Alirudishwa kabla ya isha akitapika damu. Alipona, na mpaka leo anasema kosa lilikuwa la figili.

Sista Awatif ana swali lake pia. Choo kina rangi gani? Choo cheusi kama lami maana yake damu inavuja huko juu na kushuka. Ni swali la maana kuliko yote, na kwa swali hilo wilaya nzima ina jibu moja: mlenda, mboga ambayo wanasema ndiyo inayokitia choo weusi. Nimekula mlenda, Sista. Wanakula mlenda mbichi wakati wa joto na uliokaushwa wakati wa baridi, na ukiwasikiliza utadhani wanaupaka hata usoni.

Aliyekuwa akiwacheka zaidi ni Shawqi. "Mlenda wa wilaya hii una damu kuliko machinjio," alikuwa akisema, na Sista Awatif aliandika "damu" bila kusubiri jibu la pili.

Katika wiki ya tatu ya Ramadhani iliyopita, Shawqi alitazama choo chake nyumbani asubuhi, akakiona cheusi. Akavuta maji.

"Nikajiambia mlenda," anasema.

Kesho yake kilikuwa vile vile, na kesho kutwa. Alienda kazini, akashika vichwa, akasikia swali likiulizwa asubuhi nzima nyuma ya pazia, akasikia watu wakijibu mlenda, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Mwandishi wa makala haya alimwuliza kama kweli alikuwa amekula mlenda siku hizo.

"Hilo sikujiuliza," alisema. "Mtu akishazama katika hofu hajiulizi."

Si kwamba hakujua. Miaka mitano nyuma Daktari Nirmin alimpima, akakuta wengu limeshuka karibu na kitovu, akamwambia alale apigwe kamera. Ami Shawqi alikuwa na majibu ya kutosha. Baada ya mavuno ya ngano. Baada ya harusi ya binti yake Rawia. Baada ya Idi, Idi yoyote. Daktari alimpa vidonge vya kupunguza msukumo wa damu, naye akavinywa alipovikumbuka. Kitandani hakulala. Alikuwa amewaona waliolala pale wakaamka, na aliwaona pia wachache ambao hawakuamka, na anawakumbuka hao wachache kwa majina na kwa njia za kwao.

Siku ilipofika, alikuwa amemshika mwalimu mmoja mstaafu. Wanaokumbuka wanasema walikuwa wamevuka daraja la tatu la njia ya mwalimu, wanaingia kwenye njia ya mitende, na Shawqi akanyamaza.

Daktari Nirmin hakuinua macho. Alimwuliza wamefika wapi. Shawqi akasema wamefika kwa mwuza samaki, wageuke kwenye karakana. Mwalimu hana mwuza samaki njiani kwake wala karakana. Ilikuwa njia ya mtu mwingine, aliyetoka saa nzima iliyopita. Daktari alimaliza pete ya mwisho haraka, akautoa mpira, na Shawqi akakaa sakafuni kwa utaratibu, mgongo ukutani, uso umepauka kama unga.

Sista Awatif alimpima. Shinikizo la damu lilikuwa limeshuka sana, moyo unakwenda mbio. Akamwuliza lile swali.

"Mlenda," akajibu Shawqi.

Chumba kizima kikacheka, kwa mazoea. Kisha kikaacha kucheka.

Sista Awatif alitoa simu, akampigia mkewe, Sabriya, ambaye kijijini anaitwa Mama Hazim. Alimwuliza tu kama jana au juzi amempikia mzee mlenda. Sauti ya Mama Hazim haihitaji kipaza sauti, na waliokuwemo waliisikia yote.

"Mlenda? Tangu Shaabani sijatia mlenda kwenye sufuria yangu. Amekula wapi mlenda, na kwa nani?"

Walimwekea maji ya mshipani, na swaumu yake ikaishia hapo, jambo lililomwuma kuliko sindano. Walitafuta damu ya kundi lake, ikapatikana. Kilichobaki ni kulala kitandani, na hapo alikataa. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa wake, chupa ya maji ikining'inia juu ya kichwa, akasema angojewe mpaka baada ya Idi.

Daktari Nirmin alimwambia bila kuzungusha kwamba huenda asiione Idi. Alimwambia pia kwamba hamlazimishi.

"Nani atanishika?" akauliza Shawqi. Ndipo walipoelewa.

"Mimi," akasema Sista Awatif.

"Wewe mtoto wa barabara za lami, hujui hata nyati anakamuliwa upande gani."

"Nipe njia ya kwenu, Ami."

Hakumpa. Aligeuza uso. Walikuwa bado katika hali hiyo Mama Hazim aliposhuka kwenye bajaji, mikono imejaa unga wa mkate hadi viwikoni, ushungi umewekwa upande. Ni mwanamke mfupi na hapendi kurudia maneno. Alimtazama mumewe kuanzia viatu hadi chupa ya maji.

"Umeshika vichwa vya wilaya nzima," alimwambia. "Leo ukifa hapa kwenye benchi, watu watakuja msibani waniulize Shawqi amekufa na nini. Niwaambie nini, Baba Hazim? Mlenda?"

Shawqi anasema alicheka mpaka akaumia ubavu. Halafu akalia, na hilo halionei aibu. Alimwona kaka yake kwenye kile kiti cha kusubiria, anasema, akaona na Sabriya atakavyobaki na beseni uani. Akainuka, akavua viatu vyake mwenyewe.

Njia ya kwao aliitoa akiwa amelalia ubavu tayari, kwa hofu na haraka. Getini kushoto, vuka reli, daraja, kulia, ukuta mweupe, mlango wangu. Sista Awatif akarudia mara moja. Dawa ya ganzi ikapulizwa, plastiki ikaingia kinywani, naye hakuweza tena kusema lolote.

Kila mtu wa Kafr Shalabi anajua kwamba kuna madaraja mawili. Hakuna anayesema "daraja la pili", kwa sababu hakuna mtu mwenye akili zake anayekwenda nyumbani kwa daraja la kwanza. Shawqi hakulisema pia. Sista Awatif ni mtu wa mjini.

Alimshika vizuri, Shawqi anakiri, kidole gumba mahali pake. Alimtoa getini, akamvusha reli. "Hili hapa daraja la kwanza, Ami," akasema. "Tunavuka, tunashika kulia. Ule kule ukuta mweupe, nauona."

Ukishika kulia baada ya daraja la kwanza, ukuta mweupe ulioko huko ni mmoja tu. Ni ukuta wa makaburi.

Shawqi aliinua mkono. Daktari Nirmin alidhani ni maumivu, akamwambia atulie, mshipa mmoja una doa linalotaka kupasuka na ndio anaufunga. Aliinua tena kidole kimoja, akaonyesha nyuma, akimtaka Sista warudi darajani. Sista Awatif akaushika mkono ule kwa upole, akaushusha.

"Tunaufuata ukuta," akaendelea, kwa sauti ile ile ya chini aliyojifunza kwake. "Ukuta mrefu, Ami. Kimya kizuri. Tumekaribia mlango."

Pete tano ziliwekwa. Mpira ukatolewa, plastiki ikatolewa. Shawqi alimeza mate yenye uchungu, akamtazama Sista Awatif.

"Awatif, binti yangu," akasema kwa sauti ya mkwaruzo. "Umenizika."

Daktari Nirmin alicheka mpaka akakaa. Sista Awatif alilia. Mama Hazim, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alisema kwa vile ameshafika huko angemsalimia mama mkwe.

Alilazwa siku chache, na Idi ikamkuta nyumbani. Aliswali akiwa amekaa. Biskuti za Idi alizila kwa kuzilowesha kwenye maziwa baridi mpaka ziyeyuke, huku wajukuu wakimtazama kama mtu anayefanya mzaha. Kisha akarudi kazini, kazi nyepesi, anasema Daktari Nirmin, ingawa hakuna kichwa chepesi.

Daktari hapambi maneno kuhusu Jumanne. Mishipa miwili mikubwa bado haijafungwa. Wengi wanaofungwa kwa zamu hadi mishipa yote iishe huendelea kuishi miaka mingi. Wengine hutoka damu tena katikati ya safari. "Siwezi kumwahidi," anasema. "Ninachoweza ni kumfunga."

Ijumaa iliyopita Sista Awatif alikwenda Kafr Shalabi. Hakupelekwa na mtu. Alishuka relini kwa viatu vyake vya mjini, akamkuta Shawqi amesimama kando ya njia, akamwomba amfuate nyuma na asiseme neno. Walitembea hivyo, yeye mbele na mzee nyuma.

Kwenye daraja la kwanza Sista alisimama, akatazama kulia. Ukuta mweupe ulikuwa kule, mrefu, na mitende miwili juu yake. Shawqi naye alisimama. Fathi yuko nyuma ya ukuta ule, safu ya tatu. Akainua mikono, akamsomea Fatiha kutoka barabarani, akapangusa uso. Sista Awatif alisubiri mpaka amalize, kisha akaendelea mbele hadi daraja la pili bila kuuliza.

Akavuka, akashika kulia. Akapita ukuta wa shule, mweupe nao, wenye michoro ya watoto ya jua na bendera. Akapita mashine ya kukoboa mpunga. Akasimama mbele ya mlango wa mbao usio na rangi, ambao komeo lake limefungwa kwa waya.

"Huu," akasema.

"Huo," akajibu Shawqi. "Komeo ni bovu tangu harusi ya Rawia. Lina namna yake ya kufunguliwa."

Ndani Mama Hazim alikuwa amepika mlenda mbichi, wa kwanza wa msimu, na sungura, na wali. Shawqi alikula wali laini na mchuzi uliopoa. Alimwonya Sista Awatif kwamba choo cha kesho kisiandikwe popote, na Mama Hazim akawaambia wote wawili wakae kwa adabu, chakula kiko mezani.

Ukimwuliza anatumaini nini, Shawqi hutaja mambo ya kawaida. Anataka kulipa siku zake za Ramadhani kabla ya Ramadhani nyingine kuingia, Daktari akimruhusu. Anataka kumaliza miaka miwili iliyobaki kazini, akiwa amesimama upande ule wa kitanda aliouzoea. Anataka vijana wa kijiji waache kuoga mferejini, na hapo hapo anasema hawataacha, maana joto la mwezi wa saba analijua.

Haji Mitwalli amepelekwa kupumzika. Mgonjwa anayefuata, mama mmoja mwenye huzuni usoni, ameshakaa kwenye benchi. Shawqi ananawa mikono, anaifuta, anakagua kama saa iko mfukoni. Sista Awatif anapita na trei, na wanapokutana mlangoni anamwuliza kama Jumanne anataka wapite kwa mwuza maharagwe au wamruke.

"Popote utakapopita," anamwambia. "Nifikishe mlangoni tu. Kufungua nitafungua mwenyewe."